Kununua kwa Bei Nafuu Kampala: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila muhula mpya unapofunguliwa vyuoni Kansanga, na kila familia mpya inapopanga chumba Katwe, Makindye au Kisenyi, maswali ni yaleyale. Sukari tununue wapi? Nguo za watoto je? Kwa nini jirani mwenye kipato kama changu anafika mwisho wa mwezi, na mimi tarehe ishirini nimeshaanza kukopa dukani? Nawaandikia ninyi mliotoka Tanzania, Kenya, Kongo, au wilaya za mbali za humu Uganda, mnaotumia Kiswahili na bado hamjaujua mji huu kwa upande wa mfuko.

Wengi hudhani siri iko kwenye ulimi, yaani kujua kuvutana na muuzaji mpaka achoke. Kupatana bei kuna faida yake na nitaeleza namna ya kufanya. Lakini punguzo kubwa unalo wewe mwenyewe. Unalipata unapokubali kubadili moja kati ya mambo manne: kitu chenyewe, mahali unaponunua, wakati, au kiasi. Mtu anayetaka mchele wa aina moja tu, leo jioni, duka la jirani, kilo moja, atalipa atakachotajiwa. Akiwa tayari kula viazi leo na kununua mchele Jumamosi, ameshapata nafuu kabla hajafungua mdomo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo, au sehemu ya kuandikia kwenye simu. Usitegemee kumbukumbu.
- Noti ndogo na sarafu. Mama wa sokoni akiona noti ya shilingi 50,000 za Uganda saa moja asubuhi hana chenji, na wewe huna tena nguvu ya kuomba punguzo.
- Kikapu au mfuko imara. Kaveera, yaani mfuko wa plastiki, hupasuka njiani, na nyanya zikishamwagika kwenye taksi (hapa ni ile daladala au matatu) hakuna bei nafuu tena.
- Mizani ndogo ya kuning'iniza. Si ghali, na hesabu za kilo zitakuwa wazi kwako.
- Vyombo vya kuhifadhia vyenye kifuniko kinachobana.
- Laini ya simu yenye pesa ndani.
- Jirani mmoja au wawili unaowaamini. Hawa utawahitaji kwenye hatua ya saba.

Hatua ya 1: Andika bei, kisha uzigeuze ziwe za kilo au lita

Chukua vitu vinavyokula fedha zako kila wiki: unga wa posho (hapa posho ni ugali wa mahindi), mchele, maharage, sukari, mafuta, sabuni, maziwa, nyanya, vitunguu, mkaa au gesi, bando la intaneti, nauli. Andika umelipa kiasi gani, wapi, na kwa kipimo gani. Fanya hivyo kwa mwezi mmoja bila kubadili chochote katika ununuzi wako.

Halafu piga hesabu. Tuseme mafuta ya nusu lita unayapata kwa 4,500 na chupa ya lita tatu ni 23,000. Kwa macho, 4,500 ni ndogo. Kwa lita moja, ya kwanza ni 9,000 na ya pili haifiki 7,700. Sabuni ya vipande, sukari ya robo, majani ya chai ya paketi ndogo kabisa, vyote vina mtego huohuo. Asiye na fedha nyingi kwa mkupuo mmoja ndiye anayeuziwa kwa bei ya juu zaidi. Jambo hilo linauma, na ndiyo sababu ya hatua ya saba.

Sokoni vipimo vingi si kilo. Maharage na karanga hupimwa kwa kopo, nyanya na viazi kwa fungu. Hapo ndipo mizani yako inafanya kazi: pima fungu mara moja, andika, na kuanzia siku hiyo unajua fungu la Kalerwe lina uzito gani na la Nakasero lina uzito gani.

*Angalia:* kopo lenye kitako kilichobonyezwa kwa ndani hubeba pungufu. Litazame chini kabla halijajazwa. Mizani ya dukani nayo inatakiwa iwe imehakikiwa na UNBS, shirika la viwango la Uganda. Kama mshale hausimami kwenye sifuri kabla ya kuweka mzigo, sema mapema.

Hatua ya 2: Andika orodha kwa haja, si kwa jina la kitu

Hii ndiyo hatua inayookoa fedha kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Usiandike "matoke". Andika "chakula kikuu cha siku tatu", kisha chini yake weka vitatu unavyokubali: matoke, posho, viazi vitamu. Usiandike "nyama". Andika "kitoweo", kisha maharage, mukene (dagaa), mayai, karanga za kusaga. Mboga ya majani iwe dodo (mchicha), nakati, sukuma au kabichi, chochote kitakachokuwa kingi siku hiyo. Ukifika sokoni unaangalia ni kipi kimeshuka, unachukua hicho.

Sababu yake ni rahisi. Vyakula hivi haviji Kampala kutoka sehemu moja. Matoke mengi hutoka upande wa Mbarara na Isingiro, viazi mviringo hutoka Kabale na Kisoro, mananasi hutoka Kayunga na Luwero, mukene hutoka ziwani. Mvua ikiharibu barabara upande mmoja, upande mwingine magari yanaingia kama kawaida. Ni nadra vyote kupanda bei siku moja. Mwenye orodha ya kitu kimoja kimoja hupigwa na kila mabadiliko, na mwenye orodha ya haja hupita katikati.

Fanya vivyo hivyo kwa vitu vya dukani. Kwa sabuni ya kufulia, dawa ya meno, chumvi au viberiti, jaribu chapa mbili zilizo nafuu kuliko unayoizoea. Kama hakuna tofauti nyumbani, hamia huko. Kama ipo, rudi kwenye yako bila aibu. Kuna vitu ambavyo mimi nashauri msibadilishe kwa ajili ya bei: dawa za hospitali, maziwa ya mtoto mchanga, na vifaa vya umeme vinavyobeba moto mkubwa kama soketi na nyaya.

Hatua ya 3: Jua kila soko lina nini

Hakuna soko moja lililo rahisi kwa kila kitu. Kwa Kampala, anza na haya.

Kalerwe, kwenye barabara ya Gayaza kando ya Northern Bypass, ni soko la vyakula vibichi. Malori hushusha mizigo usiku na alfajiri. Matoke, nyanya, vitunguu, kabichi na mboga kwa kawaida huwa chini kuliko katikati ya mji. Kuna matope mvua ikinyesha, kwa hiyo vaa viatu vya kufaa.

Nakasero ni soko safi, lenye matunda na viungo vilivyopangwa vizuri, na wateja wake wengi ni hoteli, ofisi na wageni. Nenda kwa viungo au kitu adimu. Usinunue huko mahitaji ya wiki.

Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, liko kando ya uwanja wa Nakivubo. Nguo za mitumba, ambazo hapa zinaitwa mivumba, viatu, mapazia, mashuka, mabegi, na hata nafaka. Lina hatua yake yenyewe huko chini.

Kikuubo, karibu na kituo cha zamani cha taksi, ni mtaa wa jumla. Sukari, mafuta, sabuni, biskuti, pedi, daftari za shule, vyote kwa katoni na dazani. Maduka mengi ya mitaani kwenu hununua hapo, kwa hiyo ukienda mwenyewe unaruka faida ya duka. Wafanyabiashara wake wamezoea wateja kutoka Kongo, Rwanda na Sudan Kusini, na Kiswahili chako kitaeleweka bila shida.

Kisenyi ina mashine za kusaga mahindi na maduka ya nafaka. Unga wa posho na mchele kwa gunia nunua huku. Kiswahili ni lugha ya kawaida mtaani humo.

Kwa samaki nenda Ggaba, ufukweni, asubuhi. Kwa sigiri, sufuria na masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni nenda Katwe kwa mafundi wenyewe, uzungumze na aliyeigonga kazi hiyo kwa mkono wake. Kwa vipuri vya gari ni Kisekka na Ndeeba. Kwa uchapishaji, kadi na mihuri ni mtaa wa Nasser.

Maduka makubwa ya kisasa usiyadharau wala usiyaabudu. Kwa vitu vya paketi yanaweza kuwa na ofa nzuri kuliko duka la jirani, lakini linganisha na daftari lako, si na bei iliyokatwa kwa kalamu nyekundu. Soma tarehe ya mwisho ya matumizi, na tazama kwenye risiti kama bei ya rafuni ndiyo iliyotozwa kaunta.

Ukisafiri kwa gari kwenda Masaka, Jinja au Gulu, weka nafasi nyuma. Mafungu ya barabarani ya nanasi, fenesi, viazi na nyanya huwa chini sana kuliko ya mjini, kwa sababu hayajalipa lori wala ushuru wa soko la mjini.

Hatua ya 4: Chagua wakati

Kwa siku moja kuna nyakati mbili nzuri, na zinatofautiana. Alfajiri mpaka saa mbili asubuhi ni wakati wa wingi: unapata kitu kizuri kwa bei ya karibu na ya jumla, hasa ukinunua fungu kubwa. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, ni wakati wa vitu visivyolala: mboga za majani, nyanya zilizoiva sana, ndizi mbivu, samaki. Muuzaji hataki kurudi navyo. Ukiwa na mpango wa kupika usiku huohuo, nunua jioni. Kama hupiki leo, achana navyo, maana nyanya laini ya saa kumi na mbili jioni ni ya kutupwa kesho mchana.

Kwa mwaka, fuata mavuno. Kusini na katikati ya Uganda kuna misimu miwili ya mvua, kuanzia Machi hadi Mei na kuanzia Septemba hadi Novemba. Maharage na mahindi mapya huingia kwa wingi kuanzia Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Nunua akiba ya maharage wakati huo. Usisubiri shule zifunguliwe, kwa sababu shule hununua posho na maharage kwa magunia mengi na bei husogea. Mboga za majani ni nyingi wakati wa mvua na hupungua kiangazi. Maziwa vilevile: nyasi zikiwa nyingi upande wa magharibi, maziwa yanashuka.

Sikukuu ni za kujipanga nazo mapema. Kuku, nyama, mchele na nauli za mabasi ya mikoani hupanda kabla ya Krismasi. Kuelekea Ramadhani, sukari, tende na unga wa ngano huwa na watu wengi. Vinavyokaa, kama sukari, mchele na mafuta, vinunue wiki kadhaa kabla. Kuku ukiweza mnunue akiwa mdogo umfuge nyuma ya nyumba, kama mwenye nyumba anaruhusu.

Vifaa vya shule ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Wazazi wote wa Kampala humiminika mjini mwisho wa Januari, siku moja kabla ya watoto kuondoka. Daftari, kalamu, soksi na masanduku havibadiliki ubora kati ya Novemba na Januari. Vinavyobadilika ni msongamano na bei. Nunua mapema, ubakize vile tu ambavyo shule hutoa orodha yake baadaye.

Hatua ya 5: Hesabu nauli kabla hujatoka

Ukiokoa 3,000 kwenye vitunguu na ukalipa boda 6,000, umepoteza. Andika nauli kwenye daftari kama bei ya kitu. Kwa mahitaji madogo, duka la jirani ni sawa kabisa, na ukikosa fedha siku moja yeye ndiye atakayekukopesha.

Unganisha safari. Siku unayokwenda mjini kwa shughuli nyingine ndiyo siku ya kupita Kikuubo. Nenda kwa taksi, rudi na mzigo kwa boda ukilazimika. Epuka saa za msongamano na mvua, maana kondakta hupandisha nauli papo hapo na hakuna wa kumshtaki.

Hatua ya 6: Patana bei kwa adabu

Sasa tufike kwenye ulimi.

1. Salimu kwanza. Mwanamume "ssebo", mwanamke "nnyabo", kisha habari za siku. Uganda watu hawapendi kuanzwa na bei kabla ya salamu.
2. Zunguka angalau wauzaji watatu ukiuliza "meka?", yaani bei gani kwa Kiganda, bila kushika bidhaa sana. Utajua bei ya soko ya siku hiyo.
3. Rudi kwa yule mwenye kitu kizuri, si kwa mwenye bei ndogo tu. Taja bei yako kidogo chini ya ile unayotaka mfikie. Sema "salako", yaani punguza kidogo, kwa sauti ya kawaida na uso mkunjufu.
4. Akikataa, usivutane. Ongeza kiasi: "nikichukua mafungu matatu je?" Hapa ndipo muuzaji huwa na nafasi ya kushuka.
5. Bei ikigoma kabisa, omba nyongeza. Mkono mmoja wa ziada wa dodo, vitunguu viwili, ndimu moja. Kwa chakula, nyongeza mara nyingi ni rahisi kupatikana kuliko punguzo.
6. Mkikubaliana, lipa. Kuvunja maneno baada ya bei kukubaliwa ni kosa kubwa sokoni, na watakukumbuka.

Nataka kusema jambo moja hapa kwa uzito. Mama aliyekaa juani na mafungu sita ya nyanya hana faida ya kukugawia. Kumvuta mpaka ashushe 500 si ustadi. Patana na mwenye duka la viatu, mwenye simu, mwenye mapazia, mwenye godoro, ambako bei ya kwanza imeachiwa nafasi kubwa. Kwa mboga na nyanya, chagua mama mmoja, nunua kwake kila wiki, na nyongeza itakuja bila kuombwa. Kasitoma wa kudumu huwekewa kitu kizuri chini ya meza.

Hatua ya 7: Gawana na majirani

Hapa ndipo mwenye fedha kidogo anapopata bei ya jumla. Watu watatu au wanne wanachanga, mmoja anakwenda Kisenyi au Kikuubo, ananunua gunia la unga, jerikeni ya mafuta ya lita 20, katoni ya sabuni, na nauli ya mzigo inagawanywa.

Masharti yanayofanya jambo hili lidumu: kila mtu atoe fedha kabla ya safari, asiyetoa asihesabiwe. Risiti ionekane na wote. Mzigo upimwe mbele ya watu kwa mizani ileile. Anayekwenda sokoni abadilike kila mara, na nauli yake ilipwe na kikundi. Anzeni na kitu kimoja tu, sukari kwa mfano, kabla ya kuongeza vingine.

*Angalia:* usinunue kingi kuliko unachoweza kuhifadhi. Maharage yaanikwe yakauke vizuri, yatiwe kwenye chombo kinachobana, yakae juu ya ubao na si kwenye sakafu ya saruji. Unga wa posho hauna maisha marefu kama mahindi yenyewe. Na karanga au mahindi yenye ukungu, yaliyosinyaa au kubadilika rangi, hata yakiuzwa nusu bei, yaache. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kupika, na hudhuru ini.

Hatua ya 8: Mivumba ya Owino bila majuto

Mabelo yanapofunguliwa asubuhi, wachuuzi na wenye maduka ya nguo huchagua kwanza na hulipa zaidi. Kinachobaki hushuka kadiri siku inavyokwenda, mpaka kinamwagwa kwenye lundo lenye bei moja na muuzaji anaita kwa sauti. Kama unatafuta shati la kazi lililo safi kabisa, nenda asubuhi na uwe tayari kulipa. Kama ni nguo za watoto za kuchezea, mashuka ya kukatia, au sweta za msimu wa mvua, lundo la alasiri linatosha.

Nenda na vipimo vyako vimeandikwa na tepu ya fundi, kwa sababu mahali pa kujaribia ni pa shida. Kagua kwa mpangilio huu: kola, kwapa, zipu, katikati ya mapaja, pindo la chini, kisha inua nguo juu ya mwanga uone matundu. Kifungo kilichopotea si tatizo. Zipu mbovu ni fedha ya fundi, itoe kwenye bei. Doa la kwapani mara nyingi halitoki. Viatu vikunje katikati uone kama soli imepasuka, na unuse ndani.

Vaa nguo isiyo na mifuko ya nyuma, na simu iwe mbele, ndani. Kuna vijana watakaokushika mkono wakikuvuta kwenye vibanda vyao. Sema hapana kwa utulivu na uendelee. Ukifika nyumbani, loweka nguo kwa maji ya moto na sabuni, anika juani, piga pasi ya moto mpaka kwenye mishono.

Hatua ya 9: Lipa kwa njia isiyokula akiba yako

Tangu Novemba 2018, kodi ya pesa za simu imekuwa asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa. Ukitoa 100,000 kwa wakala, 500 inakwenda serikalini, na juu yake kuna ada ya kampuni ya simu. Ukitoa kidogo kidogo kila siku, ada hizo hujirudia. Duka likiwa na namba ya malipo ya MTN au Airtel, lipa moja kwa moja na usitoe fedha taslimu. Kwa soko la vyakula, toa mara moja kwa wiki kiasi ulichopanga.

Kwa intaneti, kampuni zote mbili kubwa zina bando lisiloisha muda. Linganisha bei ya gigabaiti moja na ile ya bando la siku. Kama hutumii kila siku, lisiloisha muda ndilo lako.

Makosa yanayomaliza faida yote

Kununua kitu kwa sababu kimeshuka bei, ilhali hakikuwa kwenye orodha yoyote. Ofa ya sufuria ya tatu ni gharama.

Simu ya mkononi ya bei ya ajabu mtaani. Usinunue bila risiti na kitambulisho cha muuzaji. Piga *#06# uone namba ya utambulisho wa kifaa (IMEI), ulinganishe na ya kwenye boksi. Simu ya wizi itakupeleka polisi wewe, si aliyekuuzia.

Vifaa vya umeme visivyo na alama ya ubora ya UNBS. Pasi ya rahisi inayounguza soketi itakugharimu godoro.

Gesi bila kupima. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Mtungi wa kilo 6 ukijazwa lazima upime uzito huo pamoja na kilo 6. Mwambie muuzaji aupandishe kwenye mizani mbele yako.

Mkaa wa kopo kila siku. Mwaka 2023 amri ya rais ilipiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa nchi, na mkaa si kitu cha kutegemea kuwa rahisi tena. Gawaneni gunia kama mnavyogawana sukari, na lifunguliwe mpaka chini kabla ya kulipa, maana vumbi hukaa kitakoni. Loweka maharage usiku kucha ndipo uyapike. Mkaa utapungua sana.

Mambo yakienda kombo

*Bei zote ziko juu kuliko daftari langu.* Angalia kama ni kitu kimoja au vyote. Kikiwa kimoja, badili kwa mbadala kwenye orodha ya haja. Vikiwa vyote, huenda ni mafuta ya gari au sikukuu. Nunua ya wiki moja tu na usubiri.

*Nikifungua mdomo wananipa bei ya mgeni.* Nenda mara ya kwanza na jirani mzawa, akutambulishe kwa wauzaji wawili. Baada ya hapo rudi kwao haohao. Jifunze kuhesabu kwa Kiganda mpaka kumi na kutaja maelfu. Uso unaojulikana hupewa bei ya soko, hata lafudhi ikiwa ya Dodoma au Bukavu.

*Nanunua kwa bei ndogo lakini fedha zinaisha vilevile.* Tazama nauli na vitu vilivyooza. Mara nyingi tatizo liko hapo. Pima unachotupa kwa wiki moja, kisha punguza kiasi hichohicho kwenye ununuzi unaofuata.

*Sina jokofu.* Nunua vya kukaa kwa wingi na vibichi kidogo kidogo. Mukene mkavu, karanga, maharage na mayai havihitaji baridi. Nyanya chukua zilizo nusu kijani, uzipange bila kubanana, na utumie zinazoiva kwanza.

*Nyumbani wanakataa mbadala.* Usibadili vitu viwili kwa wiki moja. Acha kile wanachokipenda zaidi kibaki, hasa kwa watoto, na ubadili pembeni yake. Anayekula posho kwa maharage yaliyoungwa vizuri kwa karanga hana ugomvi na wewe kama anayepewa posho na kabichi iliyochemshwa.

*Mizani ilinipunja na nimegundua nyumbani.* Rudi siku hiyohiyo na mzigo ukiwa haujaguswa, ukiwa na mizani yako, na uzungumze bila kelele. Wengi watakuongezea ili wateja wengine wasisikie. Akikataa, kila soko lina uongozi wake na ofisi yake humohumo ndani, uliza walipo.

*Maharage ya kikundi yameingiwa na fukusi.* Yatandaze juani kwenye turubai, yapepete, yatenge yaliyotobolewa, kisha yaliyobaki yafungeni kwenye chombo kisichopitisha hewa kabisa. Wadudu wakikosa hewa hufa. Safari ijayo nunueni nusu gunia, na kabla ya kulipa chomoeni konzi moja kutoka katikati ya gunia, si ile ya juu iliyowekwa kwa maonyesho.